Re: Mount Lemmon kwa baiskeli, siku moja inatosha?
Mkuu umeuliza kama Mount Lemmon pale Tucson, Arizona inapandika kwa siku moja na baiskeli ya tairi nyembamba, inapandika kabisa, mi nilienda mdogomdogo nikatoboa. Lami ni moja tu, Catalina Highway, kama kilomita 40 hadi kijiji cha Summerhaven, mlima sio mkali kihivyo ila hauishi yaani. Chini jangwa tupu, masaguaro (yale madungusi kakati makubwa ya jangwani) yamesimama kama watu wameinua mikono, ukishapita Windy Point, pale njiani pa kutazamia mandhari, ndo misonobari inaanza kukunukia, huko juu sasa baridi. Beba jaketi hata kama chini unachuruzika jasho, maana ukishuka umelowa vidole vinakufa ganzi breki huzisikii. Kiangazi anza alfajiri, na maji usifanyie ubahili.