Fundi, nataka gari lifike elfu nane

Wiki hii maswali karibu yote ni ya revu, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Sijui nani kawapandisha mzuka, lakini tujibu.

Salaam fundi. Nina Toyota Vitz yenye injini ya 1NZ. Kijana mmoja hapa Mikindani anasema atafungua kompyuta ya gari lifike 8,000, bei ya sahani ya biriani. Nimpe? *(Mikindani)*

Kula biriani yako, mwanangu. Injini hiyo hutoa nguvu zake zote, farasi 109 hivi, kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Ukivuka hapo pumzi inakatika, kwa sababu kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu, na njia za hewa hazikuundwa kumeza zaidi. Kijana wako atakuuzia kelele tu.

Na kelele hiyo ina bei. Stroku ya 1NZ, yaani safari ya pistoni toka chini hadi juu, ni milimita 84.7. Kwa 8,000, pistoni inakimbia wastani wa mita 22.6 kwa sekunde, na kila ikifika juu lazima isimame, igeuke, irudi. Anayeivuta irudi ni konrodi, mkono unaoiunganisha pistoni na krenki, pamoja na bolti zake mbili nyembamba. Mvuto huo haupandi sawa na revu, unapanda kwa mraba wake: toka 6,500 hadi 8,000 revu hazijaongezeka hata robo, lakini bolti zinavutwa nusu zaidi. Nimeshafungua boneti nikakuta konrodi imetoboa bloku, inachungulia nje kama kobe. Mwenye gari alikuwa bado ananiuliza kama ni plagi.

Sasa mtu wa mfuko mdogo aanze na injini gani? *(Bombolulu)*

Ile iliyozaliwa mkimbiaji. Toyota 4A-GE ina stroku ya milimita 77, kwa hiyo kwa 8,000 pistoni yake inakwenda mita 20.5 kwa sekunde, mzigo mwepesi zaidi. Ile ya valvu 20 yenye kifuniko cheusi hutoa farasi 165 kwenye 7,800, hivyo hivyo ilivyotoka kiwandani. Honda B16A, ya tangu 1989, kiwanda chenyewe kiliiruhusu ifike 8,000. Kuifikisha 1NZ huko kwa usalama kutakugharimu kuliko kununua mojawapo ya hizi iliyotumika Japani.

Ukiipata, usilipe kabla ya kupima kompresheni, shinikizo la ndani, kwenye silinda zote nne. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, aga uende zako. Halafu ifungue hata kama muuzaji anaapa kwa Mungu kwamba ni safi. Pesa yako ya kwanza ni bolti za konrodi, mpya na zenye nguvu, na ukishazifunga mpelekee fundi wa mashine konrodi alichonge upya lile tundu kubwa, maana bolti mpya hulibana tofauti na likawa si duara tena. Ya pili ni beringi. Ya tatu ni springi za valvu: springi ya miaka thelathini imechoka, na revu zikipanda haiwahi kuirudisha valvu mahali pake. Valvu inaelea, inakutana na pistoni, na hapo hamna suluhu. Ukibadilisha kamshafti, springi nazo zibadilike zilingane nayo.

Pistoni na konrodi zipime uzito. Huhitaji mashine ya mamilioni. Mimi huazima mizani ya sonara, nikatafuta nyepesi kuliko zote, nikazipunguza nyingine zifuate, tofauti isizidi gramu moja. Sonara hucheka kila mara.

Nimeshusha Corolla ya kabureta kutoka Nairobi. Kule ilikuwa sawa, huku nikikanyaga inagonga. *(Kongowea)*

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Huku pwani hewa ni nzito, silinda inajaa zaidi, lakini jeti ya kabureta bado inapima petroli ya kule. Mchanganyiko unakuwa mkavu, petroli kidogo hewa nyingi, na shinikizo liko juu, ndiyo maana inagonga. Weka jeti kubwa kidogo, rudisha taimingi ya cheche nyuma digrii chache, na usiitafute revu ya juu hadi kugonga huko kuishe. Kugonga hutoboa pistoni. Gari la sindano, lisilo na kabureta, lenye sensa nzima hujirekebisha lenyewe.

Joto la Mombasa, si niweke oili nzito tu? *(Likoni)*

Uzito wa oili hufuata nafasi ya beringi, haufuati jua peke yake. Funga geji ya presha ya oili: injini ikiwa moto, tafuta kama psi 10 kwa kila revu 1,000. Ikipungua kwenye kona tu, oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na pampu inanyonya hewa, basi chomelea vizuizi vya bati ndani ya sampu. Kazi ya asubuhi moja. Na ukitoka foleni ya feri, gari limekaa linachemka, lipe dakika chache za upepo kwanza.

Kizuizi cha revu si kitanilinda? *(Jomvu)*

Ukikanyaga, ndiyo. Ukikosea ukatia gia ya pili badala ya ya nne, magurudumu ndiyo yanaisukuma injini, na kompyuta haina la kufanya.

Nitoe puli ya krenki nifunge nyepesi ya alumini? *(Majengo)*

Usiitoe. Ule mpira ndani yake humeza mtikisiko wa krenki. Ukitaka wepesi, nunua fulaiwili, lile gurudumu zito linalofungwa mwisho wa krenki, iliyo nyepesi, ya chuma cha kufuliwa. Ile ya chuma cha kumimina usiipeleke kwa mchongaji kuikondesha. Ikipasuka kwa 8,000, iko usawa wa magoti yako.