Kikao cha usalama: malalamiko yapeni mahali na saa

Ndugu, umeuliza kwa nini kila mkikaa na polisi na diwani mnalalamika saa mbili nzima, halafu hakuna kinachobadilika. Mara nyingi malalamiko yenyewe hayashikiki. Kwa "vibaka wamezidi" polisi hawezi kupanga doria. Semeni hivi: "Kichochoro cha nyuma ya shule, saa 1 hadi saa 3 usiku, Ijumaa na Jumamosi, na taa mbili pale haziwaki tangu mwezi uliopita." Hapo doria imepata mahali na saa. Taa ni za kumbana diwani, si polisi. Tenganisheni hayo mapema.

Chagueni mambo matatu tu, myapeleke kwa maandishi wiki moja kabla. Katibu aandike kila azimio, nani atalitekeleza na lini, kisha kikao kijacho kianze kwa kuyasoma. Hapa ndipo wengi wanaporuka, na vikao vinakufa.

Na tafadhali sana, msimtaje mshukiwa kwa jina mbele ya watu. Mtamponza asiye na hatia, au yule aliyetoa taarifa. Hilo mwambieni ofisa pembeni, kikao kikiisha.