Jibu: "Raw" ya jikoni na "raw" ya cherehani

Ndugu, umeuliza inakuwaje neno la Kiingereza "raw" kwenye mapishi liwe "mbichi", halafu maelezo ya ushonaji yataje "raw edge" ya kitambaa. Ni kweli kitambaa hakiivi, lakini wazo ni lile lile: kitu ambacho bado hakijafanyiwa kazi.

Jikoni ni rahisi: nyama mbichi, yai bichi. Ila kuna mtego. Tunda ambalo halijaiva Waingereza huliita "unripe"; sisi kisichopikwa na kisichoiva vyote tunaviita "vibichi". Na tunda lililoiva kabisa, likiliwa bila kupikwa, kwao bado ni "raw"!

Kwenye cherehani, "raw edge" ni ukingo uliokatwa kwa mkasi ukaachwa hivyo hivyo, bila pindo wala ovaloki (mshono wa kuzungushia ukingo), ndiyo maana nyuzi huchomoka. Ukiambiwa uufiche, ukunje kwa ndani kisha upige mshono. Usitafsiri "ukingo mbichi", mafundi watakucheka. Mimi husema "ukingo usiopindwa".

"Raw silk" nayo ni hariri ghafi, ambayo gundi yake ya asili haijaondolewa. Hapo "ghafi" linakaa vizuri, kama kwenye malighafi.