Panya weupe wa kufuga: ugali na ndizi havitoshi mkuu

Mkuu nimeona swali lako, umemnunulia dogo panya weupe wawili, chakula cha pakiti ni bei na hakipatikani kirahisi, sasa unauliza kama ugali na ndizi vinatosha maana uliona video ya wale panya buku wa Morogoro wanapewa ndizi. Havitoshi. Wale wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine hapo Morogoro, wanaonusa mabomu na kifua kikuu ni mnyama wa kilo moja hivi au zaidi, na ile ndizi ni ujira, analambishwa kidogo akipatia kazi, sio mlo wake. Wa kwako ana gramu 30 tu, kipande unachokiona wewe kidogo kwake ni mkungu mzima.

Mie nimefuga hawa miaka sita sasa hapa Dar na kosa langu kubwa lilikuwa alizeti. Nilichanganya mtama, uwele, alizeti na karanga, najaza bakuli asubuhi naenda kazini, nikirudi bado limejaa, nasema hawa viumbe hawana gharama kabisa. Siku moja nikalipuliza hivi, aisee, juu kote maganda matupu ya alizeti yakaruka mpaka mezani, chini mtama upo vilevile haujaguswa! Kumbe wanachagua kama watoto wanavyochagua nyama kwenye pilau, wiki na wiki wanakula mafuta tu. Dume mmoja tuliyemuita Bonge alifika gramu 54 kwenye kimizani cha jikoni, manyoya yamelowa mafuta utasema kalala kwenye karai la maandazi, anajikuna mpaka vidonda shingoni. Nikatoa alizeti na karanga kwenye mchanganyiko, nikawa nampa punje moja moja kwa mkono, miezi mitatu akashuka hadi 41 na vidonda vikakauka.

Kwahiyo kabla hata ya kuuliza unawapa nini, jua unawapa kiasi gani. Panya mmoja ni gramu 4 au 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai cha nafaka, basi. Weka jioni kwasababu ni watu wa usiku hao, tena usiweke kwenye bakuli, yatawanye kwenye maranda wayatafute wenyewe, wanapata na mazoezi. Na usiongeze mpaka wamalize hata vile wasivyovipenda.

Mchanganyiko wangu sasa hivi ni vikombe viwili vya oti (zile kavu zisizo na sukari), kimoja ngano nzima, kimoja mtama, nusu uwele, na mbegu za maboga kiganja kimoja tu. Hapo kazi bado, maana nafaka peke yake protini yake ni ndogo, mahindi yenyewe ni kama asilimia 9 wakati panya mkubwa anataka kama 14, na jike mwenye mimba au anayenyonyesha 18 kwenda juu. Pengo hilo naliziba na dagaa wa Mwanza, wale wasio na chumvi, nawakausha kwenye kikaango bila mafuta nawasagasaga, au yai la kuchemsha kipande kama punje ya kunde, au dengu zilizoiva, nabadilisha badilisha mara tatu kwa wiki. Jike akizaa nampa kila siku, mama mwenye vitoto nane sio wa kumbania. Maharage hakikisha yameiva kabisa, mabichi yana sumu. Mboga kidogo tu, karoti, tango, jani la sukuma wiki, na asubuhi toa mabaki kwasababu wanaficha kwenye kiota yanaoza humo.

Kuhusu ugali, kipande kidogo cha dona hakiui mtu ila usiufanye mlo. Chokoleti, vitunguu, chips za chumvi, hapana kabisa, panya hawezi kutapika akila kibaya ndo kimeingia.

Kuna watakaokwambia nunua layers mash, chakula cha kuku wa mayai, rahisi na imekamilika. Imekamilika kwa kuku! Ile ina kalisi nyingi sana kwa ajili ya ganda la yai, panya wako hatagi.

Kingine ambacho watu wanapuuza ni ukungu. Zile karanga za kusinyaa zinazouzwa bei ya kutupa usinunue eti ni za panya. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, ndo ile iliyoua watu Dodoma na Manyara 2016, na kukaanga hakuiondoi yote. Pia mtama wa sokoni mara nyingi unakuja na fukusi, mie nikishanunua naufunga kwenye mfuko unalala friza siku tatu ndo naumwaga kwenye kopo lenye mfuniko. Wife alishalalamika sana kuhusu friza yake, tumeshazoea.

Maji kila siku, na usiangalie tu kwamba chupa imejaa, gusa ile goroli ya kwenye mdomo wa chupa kwa kidole uone tone linatoka, ya kwangu iliwahi kuziba na chupa imejaa tele.

Tafuta hicho kimizani cha jikoni, wapime leo na wiki ijayo halafu urudi hapa utuambie wana gramu ngapi, na kama yupo jike mwenye tumbo sema mapema.