Kazi ya lori ya kulipia ada

SWALI: Shikamoo kaka. Nimemaliza chuo cha udereva, leseni ya magari makubwa ninayo ila uzoefu bado. Nikaona tangazo wanatafuta madereva wa lori, uzoefu sio lazima, mshahara mnono, nikaomba, usiku huohuo wakanijibu WhatsApp nimepata na barua ya ajira yenye mhuri wakanitumia. Sasa wanataka nitume hela ya vipimo vya afya na sare, eti nitarudishiwa mwezi wa kwanza, pia picha ya leseni mbele na nyuma. Nitume?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usitume kitu, hata senti.

Hebu jiulize, kazi ya lori umepewaje na mtu ambaye hajakuona hata ukiwasha gari? Tajiri mwenye lori anamwogopa dereva mpya, anamwogopa kweli, maana kichwa na trela ni hela nyingi, mzigo ulioko nyuma ni wa watu, na kampuni nyingi za bima dereva asiye na uzoefu ama hazimtaki ama zinapandisha malipo, ndo maana kila mlango mnaogonga mnaulizwa uzoefu. Kwa hiyo wa kweli atakupandisha kwanza kwenye lori akuone unavyorudi nyuma na trela na unavyokagua tairi na breki za upepo, halafu mara nyingi atakuweka na dereva mzoefu kwa muda. Huyu wako haogopi kwa sababu lori lenyewe hana.

Vipimo vya afya kwa dereva ni kitu cha kawaida, ila unaenda hospitali mwenyewe unalipa pale unapewa risiti, sio kutuma kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Na mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza mawakala wa ajira kumtoza mfanyakazi ada, ingawa nchi inaweza kuruhusu hali chache za pekee. Ukilipa hii wataleta nyingine, mara bima mara kibali, mpaka ushtuke ndo wakublock.

Leseni sasa. Watu wengi wanaona picha tu si kitu, kumbe mtu anaweza kukopa kwa jina lako au kwenda ghalani kuchukua mzigo akijifanya wewe, mzigo ukipotea anayetafutwa ni wewe! Kama ulishatuma, karipoti polisi na kwa waliokupa leseni.

Ukitaka kuhakikisha, usipige namba iliyoko kwenye hiyo barua. Tafuta mwenyewe namba ya kampuni, uliza yadi yao iko wapi, nenda, ongea na madereva wao getini.

SWALI: Mimi kampuni ipo kweli na yadi nimeiona, ila wanataka nisaini kwamba lori litakuwa langu nikikatwa kidogo kidogo kila safari. Nao ni utapeli?

JIBU: Sio lazima uwe utapeli, lakini kwa dereva mpya mi sikushauri. Wao ndo wanaogawa mizigo, wiki wasipokupa mzigo deni linaendelea kukudai palepale. Uliza nani analipa mafuta, bima na matengenezo, na ukiacha kazi katikati ulichokatwa kinaenda wapi. Wakikukatalia kutoka na karatasi ukamwonyeshe mwanasheria, usisaini.