Maswali ya Wasomaji: Acacia Avenue imekwenda wapi?

SWALI: Kwenye sanduku la marehemu babu tumekuta risiti ya duka la "Acacia Avenue, Dar es Salaam" na picha ya sanamu ya askari, haina tarehe. Mtaa huo kwenye ramani ya simu siuoni. Nikienda Dar nitaupataje?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, mtaa upo, ndio Samora Avenue ya leo. Wajerumani waliuita Unter den Akazien, Waingereza wakauita Acacia Avenue. Baada ya uhuru ukawa Independence Avenue, kisha ukapewa jina la Samora Machel wa Msumbiji. Risiti yenu basi ni ya enzi ya Mwingereza, au ya baadaye kidogo kama mwenye duka alikuwa anamalizia vitabu vyake vya zamani (mfanyabiashara gani hutupa karatasi alizokwisha kuzilipia?).

Angalia usichanganye Independence Avenue na Mtaa wa Uhuru. Huo ni mwingine, zamani ukiitwa Kichwele, nao unaelekea Mnazi Mmoja na Kariakoo.

Picha itazameni vizuri. Askari akiwa peke yake, ameinamisha bunduki yenye singe, ni Sanamu ya Askari iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa vita vya 1914–1918. Akiwa chini ya Mzungu aliyesimama juu ya nguzo, hiyo ni sanamu ya Wissmann, ya wakati wa Mjerumani, na picha ni ya zamani zaidi. Mnara wa Saa ukionekana, picha haiwezi kuwa ya kabla ya 1961.

Kufika si kazi. Basi la Mwanza likikushusha Stendi ya Magufuli, Mbezi, tafuta mwendokasi la Kivukoni. La moja kwa moja lisipokuwepo, badilisha Kimara. Usipande la Gerezani, litakupeleka Kariakoo. Shuka Posta ya Zamani, fuata Sokoine Drive hadi kanisa la Kilutheri la Azania Front, ndipo ukate kuingia Mtaa wa Azikiwe, bandari ukiipa mgongo. Singe ya askari imeelekea bandarini, kwa hiyo utamkuta amekukabili, katikati ya kipilefti. Samora inapita hapo hapo: kushoto inaishia Mnara wa Saa, jirani na stesheni ya zamani ya reli, kulia inakwenda hadi Bustani ya Mimea, karibu na Makumbusho ya Taifa. Mtaa mzima ni kama kilomita moja na ushee, unatembeleka kwa miguu.