Bosi na meseji za saa 4 usiku

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mhasibu wa duka la jumla Kariakoo. Natoka saa 12 jioni. Kwa foleni, Tabata nafika saa 2 na mtoto namkuta amelala. Saa 4 bosi anauliza mauzo kwenye grupu la WhatsApp. Nikinyamaza, mwenzangu anajibu, na asubuhi yeye ndiye mchapakazi. Namaliza saa 5, ndipo dada wa kazi ananipashia chakula. Saa 11 alfajiri ananigongea, maji ya kuoga tayari. Nasikia Ufaransa wana sheria ya kuzima simu. Ni haki kweli serikali iingilie makubaliano ya watu wazima?
Mama wa Mmoja, Tabata

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ya Ufaransa ni kweli: tangu Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi hutakiwa kujadiliana nao kuhusu simu za nje ya saa za kazi. Lakini hata sisi Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa saa 12 mfululizo za kupumzika kati ya kutoka na kurudi kazini. Meseji ya mauzo mimi naihesabu kazi. Bosi wako sidhani.

Hayo makubaliano yako wapi? Mwenzako anajibu, basi nawe unajibu. Ukizima peke yako, unaumia peke yako. Nimekaa ofisi ya utumishi miaka mingi, nimeona watu wakisaini "nakubali" ada ya shule ikiwa imewakaba. Serikali isipoingilia hapo, bosi keshaingilia.

Sasa tumzungumzie dada. Saa 5 usiku yuko jikoni, alfajiri yuko mlangoni kwako. Hazifiki saa 6 hizo! Sheria ni ileile. Anayeishi palepale kazini mapumziko yanaweza kushuka hadi saa 8, tena kwa maandishi. Na kila wiki ana saa zake 24, ambazo kwenye barua yako sikuziona.

Chakula jipashie. Kwa bosi nendeni wawili, wewe na huyo mchapakazi, mumwombe mauzo yafungwe saa 11 jioni, kabla hamjatoka. Akikaidi, CMA ipo, ile tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi. Jumapili ya dada mtoto atakaa na nani, hilo gumu, silidharau. Wangu nilikuwa nawapeleka kwa bibi yao Kibaha, na nauli ilikuwa inaniuma kila wiki.